Nafundisha Vihiga na nimejifunza kutengeneza tovuti: nichukue kazi gani bila kuharibu darasa?

mwalimu_wa_fizikia (Vihiga)

Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika sekondari moja ya kutwa hapa Vihiga, nimeajiriwa na TSC (tume inayoajiri walimu). Kwa muda mrefu nimekuwa nikijifunza kutengeneza tovuti peke yangu, bila chuo. Nilianza kwa simu na masomo ya bure ya freeCodeCamp, kisha nikanunua laptopu ya mtumba Kisumu na mambo yakafunguka. HTML na CSS, za kuandika na kupamba kurasa, naziweza. JavaScript, ya kuzifanya kurasa zitende kazi, naielewa kiasi: nimetengeneza kikokotoo cha kujumlisha alama na kupanga wastani, na walimu wenzangu wanakitumia kila baada ya mtihani.

Sasa kazi mbili zimenijia kwa mpigo. Shemeji yangu ana nyumba ya wageni karibu na Dunga, Kisumu, vyumba vichache pamoja na mgahawa wa samaki, na anataka tovuti. Ameniuliza bei, bado sijamjibu. Halafu mwalimu mkuu wetu amesikia habari, anataka niijengee shule tovuti, na anasema bodi italipa.

Nawauliza nyinyi mlio na ajira nyingine kama mimi. Mnagawa vipi muda? Mimi huingia shuleni kabla ya saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, nikifika nyumbani kuna vitabu vya kusahihisha. Niandike mwenyewe kila kitu au nitumie WordPress, ule mfumo wa tovuti ulio tayari? Nitoze ngapi? Na shemeji anataka wageni walipe kwa M-Pesa hapohapo kwenye tovuti, hilo nalo ni la kuanzia kweli? Kufundisha nakupenda na sina mpango wa kuacha. Lakini kazi hii pia naipenda, na watoto wangu wawili wanakaribia sekondari.

SistaWaZamu (Kisumu)

Mwalimu, hongera sana. Kikokotoo kinachotumiwa na watu ofisini kila muhula ni kazi ya kweli, usikidharau.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya umma hapa Kisumu na tovuti ni kazi yangu ya pili kwa miaka kadhaa sasa. Habari ya bei na WordPress wengi watakujibu. Mimi naomba utangulize swali jingine: ukishaikabidhi kazi hiyo, je, itakutoa darasani saa nne asubuhi?

Nikiwa wodini simu yangu iko kabatini. Mgonjwa aliye mbele yangu ana haki ya kunipata mzima, akili na mikono. Nawe ukiwa maabara na kidato cha nne, wanafunzi arobaini wanapima volteji na mkondo, huwezi kutoka nje kumweleza mteja kwa nini ukurasa haufunguki. Kwa hiyo nimegawa kazi kwa namna hiyo, na naishikilia. Nachukua tovuti zinazoweza kukaa miezi bila mimi kuzigusa. Mifumo inayopokea pesa, inayogawa nafasi za vyumba papo hapo, au inayotoa matokeo ya mitihani usiku ambao kila mzazi anayangoja, nakataa. Kujua kuijenga ninajua. Ila vitu hivyo huharibika saa yoyote, na mwenye navyo anastahili mtu anayeweza kuinuka saa hiyohiyo.

Tovuti ya shemeji yako inaingia vizuri upande wa kwanza. Fikiria mgeni anayetoka Nairobi anataka nini: picha za vyumba, bei, ramani ya kufika, na namna ya kuzungumza na mtu. Basi weka kitufe cha kupiga simu na kingine cha WhatsApp (kiungo cha wa.me, namba ianze na 254 bila alama ya kujumlisha). Anayeshughulikia wageni pale mapokezi ndiye atajibu. Kurasa nne za HTML na CSS, JavaScript kidogo, hakuna hifadhidata, hakuna nenosiri la kuibiwa. Unaziweka Netlify au Cloudflare Pages, mahali pa kuhifadhi tovuti mtandaoni, bila malipo, na cheti cha usalama kinajisasisha chenyewe.

Hapa kwenye domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, ndipo nitakapokuwa mkali. Inunuliwe kwa wakala anayetambuliwa na KeNIC (wasimamizi wa majina ya .ke), iandikwe jina la shemeji yako na barua pepe yake, alipe yeye kwa simu yake. Ya .co.ke si ghali, huwa karibu shilingi elfu moja kwa mwaka, inatofautiana kwa wakala. Nimempokea mteja, mama mwenye duka la vitambaa, ambaye aliyemtengenezea tovuti mwanzo aliisajili domeni kwa jina lake mwenyewe kisha akaacha kupokea simu. Jina lile lilikuwa limeshachorwa kwenye bango na kuchapishwa kwenye risiti. Mama alilazimika kuanza na jina jingine, na bango akachora upya. Sisi wenye kazi mbili tunaweza kuhamishwa kituo wakati wowote, wewe TSC ikupeleke Turkana, mimi nipelekwe kaunti ndogo nyingine. Mteja asitegemee tuko wapi.

Picha pia zipe muda. Simu za sasa hupiga picha ya megabaiti 4 au zaidi, ukiweka sita kwenye ukurasa mmoja umemla mgeni megabaiti 24 za bando kabla hajaona bei. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, zihifadhi kama WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), kila moja itashuka chini ya kilobaiti 200 na macho hayataona tofauti. Ufunguapo ukurasa usiishie kwenye laptopu. Azima simu ya bei nafuu kabisa ofisini kwenu, zima WiFi, ufungue ukiwa nje. Wageni wengi watakuja kwa simu.

Kuhusu muda: Git (programu ya kutunza matoleo ya kazi yako) hufanya kazi bila intaneti, unahifadhi hatua zako kwenye laptopu na kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni ya GitHub bando likipatikana. DevDocs nayo unaweza kuipakua ndani ya kivinjari ukasoma maelezo ya HTML, CSS na JavaScript hata mtandao ukiwa umezima. Stima ikipotea nami nina chaji, naendelea. Baada ya zamu ya usiku sigusi kazi ya mteja, nalala kwanza. Wewe una kitu ambacho mimi sina: likizo. Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Usimwahidi mtu wiki mbili katikati ya muhula. Mwahidi likizo, na muhula uutumie kujifunza na kufanya marekebisho madogo Jumamosi.

Ya shule, naomba usiiuze. Wewe ni mtumishi wa umma na shule ndiyo kituo chako. Bodi ikikulipa kwa kazi ambayo ulishauriana na mkuu wako mezani kwake, huo ni mgongano wa maslahi hata kama bei ni ya haki na kazi ni safi. Wasaidie kuandika wanachohitaji, waambie waombe domeni ya .sc.ke ambayo ndiyo ya shule, kisha wamtafute mtu wa nje. Au ijenge bila malipo kama sehemu ya chama cha kompyuta cha wanafunzi, jambo ambalo mimi ningelipenda zaidi. Vyovyote vile, picha za watoto zisiwekwe bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyo, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa jambo hilohilo.

fundi_webuye (Webuye)

Sista nimekusoma kwa heshima, na la domeni nalipigia muhuri. Lakini hapa nitakupinga.

Mimi sina ajira nyingine, tovuti ndizo zinanilipia kodi ya nyumba. Mgahawa wa samaki hauna bei ya kudumu. Ngege na mbuta hubadilika bei kulingana na walichopata wavuvi, na wakati mwingine hakuna kabisa. Ukimpa shemeji kurasa za HTML ambazo hawezi kuzigusa, kila bei ikipanda atampigia mwalimu, na mwalimu yuko darasani. Mwishowe ataacha kusasisha, mgeni atafika akiwa na bei ya mwaka jana mkononi na ugomvi utaanzia mezani. WordPress inampa mwenye biashara uwezo wa kuingia kwa simu yake na kubadilisha mwenyewe. Na habari ya masasisho isiwatishe sana: tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, hata programu za nyongeza unaweza kuziacha zijisasishe.

La pili, bei. Nawaomba nyinyi wenye mshahara, msije sokoni na tovuti za shilingi elfu tano. Mnaweza kumudu kwa sababu mwisho wa mwezi kuna kitu benki. Sisi huku tunaambiwa, "Kuna mwalimu alimfanyia jirani kwa elfu tano." Hesabu saa zako zote: kwenda Dunga kwa matatu, kupiga picha, kumfundisha mtu wa mapokezi, kurekebisha mara mbili mara tatu. Zidisha kwa kiwango ambacho usingekionea haya kama mtu angekulipa kwa saa. Shemeji ni shemeji, ukitaka kumpunguzia mpunguzie, lakini bei kamili iandike kwanza na punguzo liandike chini yake, ajue kazi ina thamani gani. Atakapomtuma mwenye hoteli jirani kwako, atamwambia ile bei kamili.

SistaWaZamu (Kisumu)

Fundi, kwenye bei sina neno, uko sahihi kabisa, na ninafurahi umelisema waziwazi. Kwa kazi ya ukubwa huu mimi hutoza kati ya shilingi 25,000 na 40,000, nusu kabla ya kuanza.

Kwenye WordPress bado nina hofu. Programu za nyongeza zikijisasisha zenyewe, kuna siku moja itagombana na nyingine na ukurasa utakuwa mweupe, na hakuna anayejua itakuwa siku gani. Wewe utakuwa mezani uirekebishe kwa dakika kumi. Mimi nitakuwa naweka dripu.

Lakini tatizo la bei ya samaki ni la kweli na linahitaji jibu. Mwalimu, hili liko ndani ya uwezo wako. Orodha ya chakula iweke kwenye Google Sheets, safu tatu tu: chakula, bei, kipo au hakipo. Kwenye menyu ya faili kuna sehemu ya kuichapisha kwenye wavuti kama CSV (maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa koma), nayo inakupa kiungo. JavaScript yako inasoma kiungo hicho kwa fetch (amri ya kuleta data), inakata mistari, inajaza jedwali. Shemeji anafungua karatasi hiyo kwenye simu yake, anabadilisha namba, na baada ya dakika chache tovuti imebadilika. Hakuna nenosiri jipya wala cha kusasisha.

Mambo mawili ya kuangalia. Karatasi iliyochapishwa inaonekana na yeyote mwenye kiungo, basi isiwe na kitu kingine chochote, hata namba ya simu ya mfanyakazi. Na ndani ya HTML andika vyakula bila bei pamoja na maneno "piga simu kujua bei ya leo", ili mtandao ukikatika katikati mgeni asione jedwali tupu. Majina ya vyakula yasiwe na koma, la sivyo safu zitahama. "Ngege wa kukaanga na ugali" inatosha.

hesabu_njoro (Njoro, Nakuru)

Mwalimu, nami niko na kazi mbili: karani wa hesabu kwenye duka la pembejeo hapa Njoro, na tovuti. Tofauti yangu na Sista ni kwamba nashinda mbele ya kompyuta na mwajiri wangu anajua kazi yangu ya pili, kwa hiyo za malipo nazichukua. Acha nikueleze kilichomo ndani ya hicho anachokitaka shemeji, uamue mwenyewe.

Safaricom ina Daraja, mahali pa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Kujisajili na kujaribu ni bure, na kuna namba ya majaribio 174379 ambayo karibu sote tuliojifunza tumeitumia. Mgeni anaandika namba yake, tovuti inatuma ombi Daraja, simu yake inaonyesha dirisha la kuweka PIN. Hadi hapo ni raha tupu, siku ya kwanza niliyoona simu yangu ikiwaka kwa sababu ya msimbo niliouandika mimi nilimwita mke wangu aje aone.

Kazi ngumu inafuata. Zile funguo mbili za siri unazopewa haziwezi kukaa ndani ya JavaScript ya kivinjari, kwa sababu yeyote anaweza kuzisoma. Kwa hiyo unahitaji seva. Majibu ya malipo nayo hayaji papo hapo: Daraja hutuma ujumbe kwenye anwani ya https uliyoitaja, na seva yako lazima iwe macho kuupokea. Usipofika, mgeni amekatwa pesa na tovuti inasema hajalipa. Lazima uwe umeandika sehemu ya kuuliza tena hali ya muamala, na lazima awepo mtu wa kulinganisha taarifa za M-Pesa na kumbukumbu za tovuti. Kwa nyumba ya vyumba vichache, andika Till Number (namba ya M-Pesa ya biashara) kwa herufi kubwa na uache mapokezi wathibitishe ujumbe wa M-Pesa. Daraja jifunze kwa mradi wako mwenyewe, kwa utulivu, mwaka ujao uiuze.

Kodi isisahaulike. Una P9 ya TSC (karatasi ya mshahara na kodi uliyokatwa kwa mwaka), na watu wengi hudhani ikishajazwa kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi KRA, basi wamemaliza. Mapato ya tovuti ni yako pia na yanaingia kwenye marejesho hayohayo kabla ya tarehe 30 Juni. Kampuni ikikulipa kwa utaalamu inaweza kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA; dai cheti chake, kwa sababu hiyo huhesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa. Na tangu 2024 wateja wenye kampuni watataka ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), bila hiyo matumizi yao hayakubaliki kwenye hesabu zao. Jisajili mapema, usingoje mteja akudai. Kwenye lile tangazo la mapato, mali na madeni mnalojaza watumishi wa umma, andika pia.

Jambo jingine dogo: ukifika kutafuta wateja wa nje, saa kumi na moja jioni yako ni saa tatu au nne asubuhi New York, kutegemea msimu. Ukitoka shuleni wao ndio wanafungua ofisi. Uingereza ni ngumu zaidi kwako, ukitoka shuleni wao wamebakiza saa chache tu za ofisi.

mwalimu_wa_fizikia (Vihiga)

Asanteni sana. Nimesoma yote mara kadhaa, na jana nimefanya lile jaribio la Google Sheets. Limekubali! Nilibadilisha bei kwa simu nikiwa jikoni, na laptopu sebuleni ikabadilika baada ya muda mfupi.

Nimezungumza na mwalimu mkuu. Tumekubaliana niwasaidie kuandika mahitaji, na tovuti yenyewe wamtafute mtu wa nje. Wazo la chama cha kompyuta amelipenda, tutaanza na wanafunzi wachache muhula ujao, kwenye kurasa zao za majaribio tu. Fundi, kama uko tayari kufika Vihiga, nitawapa jina lako waliweke pamoja na wengine watakaoomba. Mimi sitakuwa kwenye kamati.

Limebaki moja. Nimwandikie vipi shemeji? Tunakula meza moja Krismasi, na karatasi ya mkataba yenye sahihi itamfanya adhani simwamini. Bila maandishi nako naogopa.

SistaWaZamu (Kisumu)

Mtumie ujumbe mmoja mrefu wa WhatsApp, kwa lugha yenu ya kawaida. Mimi huandika hivi, wewe badilisha utakavyo:

"Shemeji, habari za huko. Kuhusu tovuti, nimefikiria na napendekeza tufanye hivi. Nitatengeneza kurasa nne: mwanzo, vyumba, chakula, na namna ya kufika. Picha nitakuja kupiga mwenyewe, wewe utanipa bei na namba za simu. Kazi yote ni shilingi 30,000. Kwa kuwa ni wewe napunguza 5,000, inabaki 25,000. Nusu kabla sijaanza, nusu siku ya kukabidhi. Domeni utainunua kwa jina lako, nitakuelekeza kwa simu, na kila mwaka utailipia wewe. Marekebisho mara mbili yako ndani ya bei, yakizidi hapo tutapatana kwanza. Malipo ya M-Pesa yatakuwa kwa Till, mapokezi wathibitishe. Nitafanya kazi likizo ya Agosti na kukabidhi kabla shule hazijafunguliwa. Bei za chakula utabadilisha mwenyewe, nitakufundisha. Jambo jingine likitokea niandikie, nitajibu jioni baada ya saa kumi na mbili na kulirekebisha Jumamosi. Mchana siku za shule sipokei simu, niko darasani. Kama sawa, nijibu hapa."

Usianze kabla hajajibu na nusu haijaingia. Mweleze pia mke wako kabla hujautuma, asije akausikia kwanza kutoka kwa ndugu zake.

Na siku ukienda Dunga kupiga picha, vyumba vipigwe vimetandikwa, mapazia wazi, taa zimezimwa. Piga na choo na bafu. Wageni wengi huulizia hayo kwanza na tovuti nyingi za nyumba za wageni hazionyeshi. Kabla ya kukabidhi nitumie kiungo, nitakifungua kwenye simu ndogo ya mama yangu, aliye kijijini Seme ambako mtandao ni wa shida, nikuambie kinachochelewa.